Kwa miguu kando ya mto Windrush

Shangazi alikuja kututembelea Reading mwezi wa Mei. Tukampeleka London, akaona alichotaka kuona, na kabla wiki haijaisha akaniambia, "Baba, mji nimeushiba. Nipeleke shamba." Ni mwalimu mstaafu, mzaliwa wa Muheza, amefundisha miaka mingi Pangani, na miguu yake bado ni ya mtu aliyekulia kwenye vijia vya katikati ya michungwa. Kumweka sebuleni mbele ya televisheni ni kumwonea.

Nikamchagulia Cotswolds, nchi ya vilima vya chini, malisho ya kondoo na vijiji vya mawe, upande wa magharibi ya Oxford. Eneo hili limetengwa lilindwe tangu 1966, na ukubwa wake ni kilomita za mraba 2,038. Milima ya kutisha hakuna. Kilele cha juu kabisa, Cleeve Hill, kina mita 330, na Amani, milimani kwetu Muheza, ni zaidi ya mara mbili ya hapo. Tukapata vyumba kwa bibi mmoja katika kijiji cha Naunton, bondeni, kando ya mto Windrush. Kila jioni niliandika yaliyopita mchana, na haya ndiyo niliyoandika.

Jumatano: Bourton hadi Naunton

Treni ya Reading kwenda Moreton-in-Marsh inapitia Oxford, hubadilishi njiani. Kutoka Moreton basi linapanda hadi Stow-on-the-Wold, kisha linateremka Bourton-on-the-Water. Bourton ni pazuri, mto unapita katikati ya mji chini ya vidaraja vifupi vya mawe, lakini mchana wa Mei watu wamejaa hadi ukingoni mwa maji. Tukanunua maji na mikate, tukakaza kamba za buti, tukaondoka.

Njia tuliyoifuata inaitwa Warden's Way. Inaanzia hapo Bourton na kuishia Winchcombe, kilomita 22 hivi, ikipita kijiji hadi kijiji. Waliobuni njia hii ni walinzi wa kujitolea wa Cotswolds, watu wanaofanya kazi hiyo tangu 1968 bila mshahara: wanarekebisha mageti, wanajenga upya kuta zilizobomoka, wanafyeka vichaka vinavyoziba njia. Ukiona mshale wa manjano kwenye nguzo, hiyo ni njia ya watu wa miguu. Mshale wa buluu maana yake farasi na baiskeli nao wanaruhusiwa.

Hatukwenda mbali, tukafika kwenye geti la mbao. Shangazi akaweka mkono juu yake, asilisukume. Mbele kulikuwa na malisho, kondoo na watoto wao, na ng'ambo paa la nyumba ya mkulima.

"Hapa kwa mtu," akasema.

"Ndiyo, Shangazi, kwa mtu."

"Na hodi?"

"Haihitajiki. Ardhi ni yake, njia ni ya kila mtu."

Akanitazama kama anavyomtazama mwanafunzi aliyejibu haraka mno. Basi nikamweleza vizuri, pale pale getini, maana ni jambo ninalolipenda kuliko yote katika nchi hii. Kisheria kijia kile cha majani kina hadhi ileile ya barabara kuu: ni njia ya umma. Mwenye shamba anaweza kuuza shamba, kulirithisha, kulilima, lakini hawezi kukufukuza ukiwa juu ya njia. Uingereza na Wales kwa pamoja zina kama kilomita 225,000 za njia za namna hii. Zikiunganishwa zinaizunguka dunia zaidi ya mara tano.

Shangazi akalisukuma geti, akapita, akalifunga nyuma yake kwa uangalifu. Hilo hakuhitaji kufundishwa. Mtu aliyefuga mbuzi anajua thamani ya geti lililofungwa.

Lower Slaughter tukapita taratibu. Kina kijito kinachoitwa Eye, kinu cha zamani chenye gurudumu la maji na bomba refu la matofali mekundu, na nyumba za mawe zimejipanga kando ya maji. Upper Slaughter, kilomita mbili mbele, ndiko tulikokaa zaidi.

Karibu kila kijiji cha Uingereza kina msalaba wa mawe wenye majina ya vijana waliokufa vitani. Cha Upper Slaughter hakina, kwa sababu wote waliokwenda vita vya 1914 hadi 1918 walirudi wakiwa hai, na wote waliokwenda vya 1939 hadi 1945 walirudi vilevile. Vijiji vilivyopata neema hiyo mara zote mbili ni vya kuhesabu. Nikamweleza Shangazi, akakaa kwenye ukuta mfupi karibu na pale gari zinapovuka maji. Mtu wa Tanga hasikii habari za 1914 bila kukumbuka: Novemba ya mwaka huo Waingereza na askari wao wa Kihindi waliteremka pwani ya Tanga wakapigana na Wajerumani, na kilichofuata ni miaka minne ya watu wetu kubebeshwa mizigo ya majeshi ya pande zote mbili. Kariakoo ya Dar es Salaam imepata jina kwa kikosi hicho cha wapagazi.

"Na wale wetu," akauliza, "majina yao yako wapi?"

Jibu lipo, na ni zito. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina popote, na huenda hawakukumbukwa kwa namna yoyote. Nilimwambia hivyo. Akasoma Fatiha kwa sauti ya chini, tukaendelea.

Kutoka pale njia inapanda, inakata mashamba yaliyokuwa ya manjano tupu kwa maua ya mbegu za mafuta ya kupikia, kisha inakuteremsha Naunton. Kilomita tisa hivi kwa siku nzima, na mapumziko mengi. Tulifika saa kumi na mbili jioni, jua bado juu kabisa. Mwezi huu magharibi inaingia karibu saa tatu usiku, na alfajiri inakuja mapema mno, kwa hiyo usingizi wa Shangazi ulikuwa mfupi siku zote. Bibi mwenye nyumba alitukaribisha kwa chai na skonzi. Shangazi akafungua kifurushi chake, akamwekea visheti mezani.

Alhamisi: mvua, na mto

Mvua ya huku haipigi, inanyesha tu, nyembamba na ndefu, tangu asubuhi. Hatukuwa na haraka. Saa nne tukavaa makoti ya mvua tukatembea Naunton yenyewe. Ni kijiji kilichonyooka kufuata bonde, nyumba zake zote za jiwe lile la chokaa lenye umanjano, na mashamba ya mboga yakishuka hadi majini. Kuna jumba la njiwa la mawe la karne nyingi zilizopita, lenye paa la pembe nne, na ndani ya kuta zake mamia ya matundu ya viota. Enzi hizo njiwa walikuwa kitoweo cha wenye mali, na wakulima maskini waliona mazao yao yakiliwa na ndege ambao wao hawakuruhusiwa kuwagusa.

Lakini nililotaka Shangazi alione ni mto. Ukitazama Windrush pale Naunton, mtoto wa miaka kumi anaweza kuuruka. Maji yake ni meupe hadi mawe ya chini yanahesabika. Unaanzia vilimani juu kidogo ya hapo, unapita Bourton, Burford na Witney, mji ambao maji haya yaliuoshea sufu ya mablanketi kwa karne nyingi, halafu unaingia mto Thames.

Jina hili Waafrika na watu wa Karibi wa Uingereza wanalijua, ingawa wengi hawajui kwamba ni la mto. Meli iliyoitwa Empire Windrush ilijengwa Hamburg mwaka 1930 ikiitwa Monte Rosa. Waingereza waliichukua baada ya vita, na mwaka 1947 wakaipa jina jipya la kijito hiki. Juni 1948 ilitia nanga Tilbury na tarehe 22 abiria wake wakashuka: zaidi ya 800 walikuwa wametokea visiwa vya Karibi, wengi wao vijana waliokuja kufanya kazi katika nchi iliyochoshwa na vita. Wiki mbili baadaye, Julai 5, huduma ya afya ya taifa ikaanza, na mikono ya watu wa Karibi ikawa sehemu yake tangu siku za mwanzo. Mimi ninafanya kazi katika wodi za huduma hiyohiyo. Wodi yangu ina Mjamaika anayekaribia kustaafu, Mfilipino, Mghana na mimi Mtanzania, na haikosi siku ninapofikiri nani alitangulia kuifungua njia.

Nilimwonyesha Shangazi kwenye ramani. Maji haya yanayopita miguuni petu yanaingia Thames, Thames inapita Reading karibu na nyumbani kwetu, inapita London, halafu inafika Tilbury, palepale meli ilipofunga kamba. Alifuata kwa kidole, kutoka Naunton hadi baharini, asiseme neno mpaka kidole kilipofika.

"Kwa hiyo walishukia kwenye maji haya haya."

"Haya haya, Shangazi."

Jioni nilimsimulia na sehemu chungu. Watoto wa kizazi kile walikulia hapa kihalali, wakasoma, wakafanya kazi, wakalipa kodi miaka arobaini, hamsini. Mwaka 2018 nchi nzima ikajua kwamba baadhi yao walikuwa wanadaiwa hati ambazo hawakupewa kamwe. Wakafukuzwa kazi, wakanyimwa matibabu, wengine wakawekwa kizuizini, wengine wakarudishwa visiwani ambako hawakuwa na mtu. Serikali iliomba radhi. Ninaiandika hapa kwa sababu ukitembea kando ya mto huu ukiwa na ngozi yangu, huwezi kuona maji na maua peke yake.

Ijumaa: Guiting Power na kurudi

Mvua imekatika. Kutoka Naunton hadi Guiting Power ni mwendo mfupi kwa njia ya mashambani, na leo ndiyo siku niliyoipenda kuliko zote.

Tulipanda kuacha bonde, na juu upepo ukawa mkavu. Kipozamataza mmoja alikuwa juu ya shamba la shayiri, amesimama hewani akiimba bila kupumua. Tulimsikia mwendo mrefu bila kumwona. Mbayuwayu walikuwa chini, karibu kugusa majani. Hawa husafiri hadi Afrika kila mwaka na kurudi. "Hawa ninawajua," Shangazi akasema. "Wanakuja kwetu huku mkiwa kwenye baridi."

Njia ilifika kwenye shamba la ngano ikaingia moja kwa moja katikati. Mstari mwembamba wa udongo ulikuwa umeachwa wazi, kutoka ukingo hadi ukingo, ngano ikiwa imetugonga mapajani kila upande. Shangazi akasita tena. Ngano ya mtu! Ila ndivyo sheria ilivyo: mkulima akilima na kupanda juu ya njia inayokata shamba, ana siku 14 za kuirudisha, na lazima iwe na upana wa angalau mita moja. Tukaingia mmoja nyuma ya mwingine, yeye mbele. Nilimwona anavyoinua pindo la kanga lisiguse suke hata moja. Hiyo ndiyo nusu ya pili ya mkataba, ile isiyoandikwa: unapewa njia, nawe hutoki nje yake.

Baadaye kwenye malisho aligundua jambo ambalo mimi nilikuwa nikilipita tu. Nyasi zilikuwa zimepanda na kushuka, zimepanda na kushuka, mistari sambamba hadi mwisho wa uwanja. "Haya ni matuta," akasema. Na kweli ni matuta. Wakulima wa zama za kati walilima vipande vyao virefu kwa maksai, mwaka baada ya mwaka, udongo ukirundikwa katikati. Kisha ardhi ikageuzwa malisho, majani yakafunika, na jembe halikurudi tena, ndiyo maana umbo limebaki.

Nani aliwaondoa wakulima hao? Mwanzo ni sufu, iliyokuwa mali kubwa ya Cotswolds. Makanisa makubwa ya vijiji hivi yamejengwa kwa fedha ya kondoo. Pigo kubwa zaidi lilikuja karne ya 18 na 19. Bunge lilipitisha maelfu ya sheria za kuzungushia ardhi, na mashamba ya wazi pamoja na malisho ya wote yakagawanywa yakawa ya wachache. Kuta hizi za mawe yasiyo na saruji ambazo watalii tunazipiga picha, zinazokadiriwa kufika kilomita 6,400 katika Cotswolds, nyingi zilijengwa wakati huo kuweka mipaka hiyo. Ni kazi ya mikono ya ajabu: mawe mapana chini, mawe madogo katikati ya kuta mbili zinazoegemeana, na juu kabisa mawe yaliyosimamishwa wima. Ninaipenda kazi ile na ninajua ilifanya nini. Yote mawili ni kweli.

Ila penye ukuta utaona mawe marefu matatu yamechomoza, ngazi ya kupandia. Au pengo lenye nguzo mbili, mtu apite na kondoo asipite. Au geti linalobembea ndani ya kiuzio cha nusu duara, mtu mmoja kwa zamu. Ardhi ilichukuliwa, kupita hakukuchukuliwa kote. Watu waliendelea kwenda kanisani, kinuni, sokoni, kwa njia walizopita babu zao, na mahakama za Kiingereza zinashikilia kwamba njia ikishakuwa ya umma haifi kwa kuachwa tu. Tena iko kanuni ninayoiona nzuri mno: watu wakiipita njia waziwazi, bila kuzuiwa na bila kuomba ruhusa, kwa miaka 20, sheria huichukulia kuwa imetolewa kwa umma. Miguu yenyewe inazaa haki.

Usidhani ilikuja kwa upole. Aprili 24, 1932, mamia ya vijana wafanyakazi, wengi wa Manchester, walipanda Kinder Scout huko Derbyshire, mlima uliofungwa kwa ajili ya matajiri kuwinda ndege. Kiongozi wao, Benny Rothman, alikuwa na miaka 20. Watano walifungwa jela. Mwaka 1949 ikapitishwa sheria iliyolazimisha halmashauri za kaunti kuchora ramani rasmi ya njia zake, na mwaka 2000 nyingine ikafungua nyanda na vilele vingi watu watembee huru.

Guiting Power ina uwanja mdogo wa majani uliopandishwa kwenye mteremko, msalaba wa kumbukumbu ya vita, na duka la kijiji ambako tulinunua supu ya moto. Msikiti wa karibu ni wa mjini, mbali na hapa. Sisi wasafiri tuliswali adhuhuri nje ya kijiji, kwenye kona ya ukuta penye kivuli, koti likiwa mkeka. Wazee wawili wenye mbwa walipita, wakapunguza mwendo, wakamwita mbwa wao asitukaribie, wakasubiri tumalize ndipo wakasema habari za mchana. Shangazi aliwaombea njia nzima.

Kurudi kulikuwa na ng'ombe, kundi la mitamba yenye udadisi. Sheria inakataza dume la aina ya ng'ombe wa maziwa, lenye zaidi ya miezi 10, kuachwa kwenye uwanja wenye njia, lakini mitamba ipo kila mahali. Usikimbie, usipite kati ya mama na ndama, zunguka mbali. Shangazi aliwasemesha Kibondei wakampisha.

Njiani alikuwa kimya, kisha akasema la Pangani. Alipokuwa kijana mwalimu, watoto walitoka darasani wakaenda baharini kwa vijia vitatu. Sasa kimebaki kimoja. Viwili vimekutana na ukuta. Sheria yetu ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, kwa hiyo ufuko wenyewe una ulinzi kwenye karatasi. Kijia cha kufikia ufuko ndicho kisichochorwa mahali. "Hakuna aliyeandika," akasema. "Tulikuwa tunapita tu." Nikamwambia hapa nako hakukuandikwa mpaka watu walipodai. Usiku alimwomba bibi mwenye nyumba ramani, ile ya kipimo cha 1:25,000 ambayo njia zote za umma zimechorwa kwa vistari vya kijani, akaikunjua kitandani akaikagua kwa miwani hadi nikasinzia.

Jumamosi: Winchcombe, peke yangu

Goti la Shangazi limeomba kupumzika. Alibaki na bibi kwenye bustani, wakipanda maharage.

Mimi nikaenda hadi mwisho wa njia, kilomita 13 hivi. Baada ya Guiting Power kuna msitu, na ndani yake harufu ya vitunguu saumu mwitu ilijaa, maua yake meupe yametanda ardhini kushoto na kulia. Nilichuma majani machache nikala na mkate. Nje ya msitu ni nyanda za juu, tambarare, mashamba makubwa, upepo. Saa nzima sikukutana na mtu.

Halafu ardhi inakatika ghafla, na bonde zima la Winchcombe liko chini yako, Cleeve Hill ng'ambo. Njia inateremka kupitia viwanja vya kasri la Sudeley, alikozikwa Katherine Parr, mke wa sita na wa mwisho wa mfalme Henry wa Nane. Alimzika mfalme, akaolewa tena, akafa mwaka 1548 siku chache baada ya kujifungua binti. Njia ya umma inapita mbele ya kasri hilo, bure.

Mji wenyewe ni mdogo. Februari 28, 2021 kimondo kiliwaka angani juu ya Uingereza na vipande vyake vikaangukia hapa. Kimoja kilitua mbele ya nyumba ya watu, kingine kilipatikana kwenye malisho ya kondoo. Ni cha aina adimu, yenye kaboni, na wanasayansi wamekuta ndani yake maji yanayofanana na ya bahari zetu. Kurudi Naunton nikachukua teksi.

Jumapili: Windrush Way hadi Bourton

Kuna njia ya pili kati ya Winchcombe na Bourton, Windrush Way, inayokwepa vijiji na kushika vilima na mto. Tuliichukua kutoka Naunton, mizigo mgongoni, tukiteremka na maji. Karibu na daraja la Harford inakutana na tuta la reli ya zamani ya kwenda Cheltenham, ambayo abiria wake wa mwisho walipanda 1962. Treni zimeondoka, miguu ipo.

Jumapili ndiyo siku ya watembeao. Wazee, familia, mbwa, kikundi cha wanawake Waislamu kutoka Birmingham wenye hijabu na fimbo za kutembelea. Wote wanasalimia. Shangazi, aliyekuwa amekata tamaa ya salamu tangu London, aliwaitikia wote, na wale wa Birmingham akawashika mikono. Ninawaambia ndugu zangu Waswahili wa Reading, Leicester, Milton Keynes na kwingineko: mmeniuliza mara nyingi mtu anatembea kwenda wapi bila shughuli, na wengine mmesema huko ni kwa wenyewe. Njia hizi ni zenu kisheria kuanzia siku mnayoshuka uwanja wa ndege. Nendeni na watoto.

Mwenye nia aje Mei au Juni, mchana ni mrefu na njia zimekauka. Februari matope yanafika kwenye vifundo. Buti zinazozuia maji ni lazima, koti la mvua hata kukiwa na jua, na suruali ndefu kwa sababu ya upupu wa huku kando ya njia. Ramani ya Ordnance Survey, shirika la ramani la hapa, kwa eneo hili ni OL45. Simu haishiki mabondeni. Chukueni chakula, kwa kuwa kati ya Guiting Power na Winchcombe hamna duka. Mwenye watoto wadogo aanze na Bourton hadi Upper Slaughter na kurudi. Na kama mnarudi Jumapili, ulizeni saa za basi la Bourton kwenda Moreton kabla ya kuondoka nyumbani, maana siku hiyo ni machache.